Dereva wa Lanet Akitaka Kurusha Ndege

Mtu aliyeendesha gari miaka mingi akiketishwa ndani ya ndege ndogo ya kujifunzia, kosa lake la kwanza hutokea kabla ndege haijaacha ardhi. Mkufunzi humwambia aipeleke polepole hadi mwanzo wa njia ya kurukia. Anashika usukani, anaukata kushoto, na ndege inaendelea mbele kana kwamba hakuna aliyeigusa. Anaukata zaidi. Bado. Ndege ikiwa chini huongozwa kwa miguu: pedali ya kushoto huipeleka kushoto, ya kulia huipeleka kulia, na sehemu za juu za pedali hizo hizo ndizo breki. Usukani wa mkononi hauna kazi kubwa hadi hewa ianze kupita kwenye mabawa kwa kasi.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeishi Lanet, Mawanga au Kiamunyeki, unayeona helikopta na ndege ndogo zikishuka upande wa kambi ya jeshi na kujiuliza kama mikono iliyozoea barabara ya Nakuru hadi Gilgil ingeweza kazi ile. Ingeweza. Lakini ujue mapema kwamba ufundi wa mikono ni sehemu ndogo ya kazi. Kinachotenganisha dereva na rubani ni jambo moja: gari likikutatiza unaweza kulisimamisha kando, ushuke, ufungue boneti, upige simu. Ndege angani haisimami. Karibu kila kitu ambacho rubani anafundishwa kimetokana na ukweli huo, na karibu kila tabia ya udereva itakayokusaliti huko juu ni tabia ya mtu aliyezoea kwamba anaweza kusimama.

Mikono na miguu

Katika magari yetu unakaa kulia na kubadilisha gia kwa mkono wa kushoto. Katika ndege nyingi ndogo rubani mwanafunzi hukaa kiti cha kushoto, mkono wa kushoto ukiwa kwenye usukani na wa kulia kwenye wenzo wa mafuta. Hakuna akseleta mguuni. Ukitaka nguvu unasukuma wenzo mbele, ukitaka kupunguza unauvuta nyuma. Kwa saa chache za mwanzo mguu wako wa kulia utakuwa ukitafuta mafuta mahali ambapo hayapo, na badala yake utapindisha pua ya ndege. Usijilaumu, ila ukumbuke kwamba hatari ya tabia hiyo iko kwenye kutua, wakati akili imeelemewa na mwili unarudi kwenye mazoea ya zamani.

Kuna zoea jingine ambalo madereva wa Kenya hawalitarajii. Ndege mbili zikikutana uso kwa uso, kanuni za anga zinasema kila moja ikate kulia. Wewe umeishi maisha yako yote ukikimbilia kushoto unapoona taa zikikujia. Hili halisahihishwi kwa kulisoma mara moja. Lirudie kwa mdomo kila unapokaa kwenye kiti cha ndege, kabla ya kuwasha injini, mpaka liwe lako.

Gari hukata kona kwa sababu magurudumu yanaishika lami. Ndege hukata kona kwa kulala upande: bawa moja linashuka, jingine linapanda, na mguu unaongeza kidogo ili mkia usiburutwe nje ya kona. Mbele yako kuna kigololi ndani ya mrija uliopinda. Kikikaa katikati, mkono na mguu vinaelewana. Kikitoroka upande mmoja, kanyaga upande huo huo hadi kirudi. Na usukani ushike kwa vidole viwili na gumba. Dereva wa lori aliyezoea kupambana na usukani mzito hupata shida hapa kuliko msichana aliyepata leseni ya gari mwezi uliopita, kwa sababu ndege iliyosawazishwa vizuri inataka kuguswa tu.

Kasi ndiyo inayokubeba

Barabarani ukiogopa unapunguza mwendo. Ni tabia njema, na imewaokoa wengi. Angani tabia hiyo hiyo inaweza kukuua, na sababu yake inafaa uielewe vizuri hata kabla hujalipa karo ya mtu yeyote.

Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa mpangilio. Ukiinua pua kupita kiasi huku kasi ikishuka, hufika mahali ambapo hewa haiwezi tena kuufuata mgongo wa bawa. Inavurugika, na bawa linaacha kubeba. Injini inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote wakati huo, haihusiki. Dawa yake ni kushusha pua, yaani kuielekeza ndege kwenye ardhi ile ile unayoiogopa, ili hewa ilishike bawa tena. Hakuna mtu anayezaliwa na wazo hilo. Ndiyo maana wakufunzi hupanda juu sana, wakaiachisha ndege kubeba kwa makusudi, wakakufanya uiokoe, kisha wakarudia tena na tena hadi mkono usukume mbele bila kuuliza.

Mtihani wa kweli uko kwenye kutua. Dereva anaona njia ya kurukia iko mbali kidogo kuliko alivyotaka, anahofia hataifikia, na mikono inavuta usukani ili kurefusha safari. Pua inapanda, kasi inakufa, naye yuko chini mno kuweza kuirudisha. Katika ndege ndogo wengi hufundishwa hivi: unapokaribia kutua, pua inatawala kasi, wenzo wa mafuta unatawala mteremko. Umeshuka mno? Ongeza mafuta. Kasi imepungua? Shusha pua. Na kama mambo hayakai sawa, sukuma wenzo mbele, panda, zunguka, uje tena. Rubani haoni aibu kuacha kutua. Anaingia kwenye kila kutua akiwa ameshaamua kwamba ataacha, isipokuwa kila kitu kikubaliane.

Hewa ya hapa kwetu

Kiwanja cha Lanet kiko karibu futi 6,200 juu ya usawa wa bahari. Kwa kipimo cha kawaida wanachotumia marubani, mwinuko huo ungekuwa na joto la nyuzi 3 hivi. Sasa chukua saa nane za mchana mwezi wa Februari, kipimajoto kikisoma nyuzi 26. Kila nyuzi moja iliyozidi huongeza kama futi 120 kwenye hesabu, kwa hiyo ndege itajiona iko karibu futi 9,000. Hewa ni nyembamba. Injini isiyo na turbo imepoteza karibu robo ya nguvu ambazo ingekuwa nazo Mombasa. Mabawa nayo yanahitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi ili kubeba mzigo ule ule: kipima kasi kitaonyesha namba uliyoizoea, lakini ardhi itakuwa inapita chini yako kwa kasi iliyozidi kwa karibu asilimia 15. Matokeo yake ni kwamba utaila njia ya kurukia kwa urefu mkubwa, na ukishapaa utapanda kwa shida.

Dereva anaijua nusu ya habari hii. Umeshaona gari dogo lililojaa abiria likihangaika kupanda barabara ya Ndundori. Tofauti ni kwamba gari likishindwa linarudi gia ya kwanza na safari inaendelea. Rubani anayeondoka Lanet mchana wa jua kali anatakiwa awe amefanya hesabu ya uzito, joto na urefu wa njia akiwa mezani na kalamu mkononi, na pengine awe ameshusha abiria mmoja au mafuta kadhaa kabla ya kuwasha injini. Kama unajifunza katika Bonde la Ufa, omba masomo ya asubuhi. Hewa huwa imetulia na ni nzito zaidi, na ndege hainyanyuliwi na kuangushwa na joto linalopanda kutoka mashambani.

Ukingo wa Menengai, wenye kilele cha mita 2,278, uko karibu sana. Upepo ukivuka ukingo wa namna hiyo hushuka upande wa pili kama maji yanavyoporomoka kwenye mwamba, na ndege ndogo iliyo chini ya ukingo inaweza kushushwa kwa kasi kuliko inavyoweza kupanda. Usiukabili ukingo uso kwa uso. Uendee kwa mshazari, ukiwa umeshapata mwinuko wa kutosha, ili ukikataliwa uweze kugeuka kwa kona fupi kuelekea bonde.

Kisha kuna ndege wenye manyoya. Wari weupe huzaliana kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita na kuruka hadi Ziwa Nakuru kutafuta samaki. Wari mmoja anaweza kupita kilo 10, nao hupenda kupanda juu kwa kuzunguka kwenye hewa ya joto pindi ardhi inapopata moto, yaani njia yao inapita kando ya anga la Lanet saa zile zile ambazo mwanafunzi aliyechelewa kuamka yuko hewani. Tazama nje. Mwanafunzi anayekodolea saa za dashibodi muda wote hawezi kuwaona.

Wingu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ujuzi wa udereva unapogeuka kuwa adui.

Dereva mzuri huhisi gari kwa mwili. Anajua gurudumu la nyuma linateleza kabla halijateleza. Hisia hiyo inafanya kazi kwa sababu macho yanaona barabara na makalio yamekaa juu ya ardhi isiyoinama. Ondoa macho, ndani ya wingu au usiku usio na taa chini, na mwili unaanza kusema uongo. Ndege inaweza kulala upande polepole kiasi kwamba sikio la ndani halisikii chochote. Ukirudi wima, mwili unadai kwamba umeinama upande wa pili. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwapima watu 20 ambao hawakuwa na mafunzo ya kuruka kwa kutegemea saa za dashibodi. Wakiwa hawaoni nje, wote walipoteza udhibiti wa ndege, na wastani ulikuwa sekunde 178. Hiyo haifiki dakika tatu.

Usifikiri ni jambo la wanafunzi. Tarehe 5 Mei 2007, baada tu ya saa sita za usiku, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliondoka Douala, Kamerun, kuja Nairobi katika hali mbaya ya hewa. Mtambo wa kujiendesha haukuwa umeshika. Ndege ikaanza kuinamia kulia kidogo kidogo gizani, na marubani hawakugundua hadi mtambo wa tahadhari ulipowaambia. Watu wote 114 walikufa. Uchunguzi ulitaja kupotewa na mwelekeo kuwa sehemu ya chanzo. Walikuwa wataalamu, ndani ya ndege mpya, huku watu wakiwasubiri kiwanjani Nairobi. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea juu ya milima ya Aberdare, ikapatikana tarehe 7 ikiwa imegonga mlima, na hakuna hata mmoja kati ya watu 10 aliyepona. Milima ile unaiona kutoka barabara ya Gilgil siku ikiwa safi.

Dereva anayefika Kimende asubuhi na kukuta ukungu umefunika barabara anapunguza mwendo, anawasha taa, na akitaka anaegesha kwenye kituo cha mafuta hadi jua litoke. Rubani hana kituo. Uamuzi wake una nafasi moja tu, nayo ni kabla ya kuingia: unapoona wingu limeshuka kwenye milima mbele yako, geuka urudi ulikotoka wakati nyuma bado ni kweupe. Utajisikia kama mwoga. Abiria watanung'unika. Geuka.

Ulichonacho tayari

Si kila kitu cha udereva ni cha kutupwa. Dereva aliyepata uzoefu katika msongamano wa Free Area, huku bodaboda wakitokea pande zote, ana macho yanayozunguka bila kuchoka, na rubani anahitaji macho hayo hayo. Anayejua injini yake kwa mlio atausikia mlio wa injini ya ndege ukibadilika kabla ya saa kuonyesha chochote. Na subira ya kusoma nia ya mwingine, kujua kwamba yule wa Probox atatoka bila kuwasha indiketa, inasaidia sana kwenye kiwanja kisicho na mnara, ambako marubani hujipanga wenyewe kwa kuambizana redioni.

Beryl Markham, aliyelelewa Njoro kwenye shamba la baba yake, alikuwa mfundishaji wa farasi wa mbio kabla ya kujifunza kuruka kwa rubani Tom Campbell Black. Mwezi wa Septemba 1936 aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi, na mwisho injini ikakosa mafuta kwa sababu ya barafu, akateremka kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, akiwa hai. Ninaamini farasi walimfaa zaidi kuliko gari lolote. Farasi ana akili yake, humlazimishi, unamsikiliza kwa vidole. Ndivyo ndege inavyotaka.

Ukitaka mfano wa magurudumu, tazama mbio za magari za Safari zinapopita Soysambu na Naivasha. Joginder Singh alizishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na hakuna mara hata moja aliyokuwa peke yake garini. Dereva anaendesha, mwenzake anasoma maelezo ya njia na kumwambia kona inayokuja. Katika ndege ya abiria kazi imegawanywa vivyo hivyo: mmoja anarusha, mwingine anatazama, anasoma orodha, na ana wajibu wa kusema akiona kosa, hata kama aliyekosea ni mkubwa wake. Ukiwa umezoea kwamba dereva ni mfalme wa gari, anza leo kumruhusu aliyeketi kando yako akwambie unakwenda mbio.

Yashushe barabarani

Hata usipogusa ndege maisha yako yote, kuna mahali karibu na nyumbani ambapo dereva anakuwa rubani bila kutaka. Kutoka Mau Summit hadi Nakuru barabara inashuka zaidi ya mita 600. Lori lenye mzigo linaloteremka hapo linageuza kila mita ya mwinuko kuwa joto ndani ya breki. Breki zikipata moto kupita kiasi zinaacha kushika, na kuanzia hapo lori lile haliwezi kusimama. Salgaa na Sachangwan zimepata majina yao mabaya kwenye mteremko huo. Kule Londiani Junction, tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia likavamia magari na wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara, na watu 52 wakafa.

Rubani huanza kushuka akiwa mbali. Kanuni yake ya kichwani ni maili 3 za angani kwa kila futi 1,000 anazotaka kupoteza, kwa hiyo kushuka futi 3,000 huanza maili 9 kabla. Dereva wa Mau Summit afanye vilevile: gia ya kushukia ichaguliwe juu, kabla ya mteremko, gari likiwa bado linamtii. Madereva wa zamani walisema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na sheria hiyo bado ni nzuri. Injini ishike gari. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi na kuachiliwa zipoe, si kukanyagwa kidogo kidogo njia nzima. Kuachilia gari liserereke bila gia ili kuokoa dizeli ni kuizima injini ya ndege angani kwa hiari yako, na tajiri anayemtaka dereva wake afanye hivyo anamwomba afe kwa bei ya lita chache.

Kuna mengine matatu ya kuazima. Zunguka gari kabla ya safari kama rubani anavyozunguka ndege, ukigusa matairi kwa mkono na kutazama chini kama kuna mafuta yaliyovuja. Unapopita gari jingine mahali ambapo barabara ni ya njia moja kila upande, kama sehemu za Mbaruk, ingia ukiwa umeshaamua utarudi nyuma yake wapi ikiwa mambo yatabadilika. Na ujipime mwenyewe: nimelala? nimekula? nina dawa mwilini? nina hasira? Sheria ya Kenya inamwekea dereva wa gari la biashara kikomo cha saa 8 za kuendesha katika kila saa 24. Marubani nao wana vikomo vyao, na kwao uchovu unahesabiwa kama hitilafu ya mtambo.

Ukiamua kwenda

Anza kwa daktari. Usilipe karo yoyote kabla ya kupimwa na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya (KCAA), kwa sababu tatizo la moyo, kifafa au macho linaweza kufunga mlango ambao pesa haziwezi kuufungua. Miwani peke yake si kizuizi. Ukitaka kazi ya urubani, pimwa kwa daraja la kazi tangu mwanzo, si lile la rubani binafsi.

Shule nyingi ziko Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Hakikisha kwa KCAA kwamba cheti cha shule bado ni halali, uliza ndege ngapi zinaruka leo na si ngapi zimeegeshwa, na lipa kwa awamu kadiri saa zinavyorukwa. Leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Wengi huhitaji zaidi. Leseni ya biashara inataka miaka 18 na saa 200, au 150 kwa kozi kamili iliyoidhinishwa. Redio ni kwa Kiingereza, nawe utapimwa lugha hiyo. Programu za kompyuta za kuigiza urukaji zinafaa kwa kujifunza mpangilio wa hatua na maneno ya redio; hazikufundishi mguu.

Kabla ya kujiandikisha lipia somo moja tu la kujaribu, la asubuhi. Mwambie mkufunzi waziwazi kwamba wewe ni dereva wa miaka mingi. Akikwambia basi itakuwa rahisi, tafuta mwingine. Akikuuliza ni tabia gani za barabarani unadhani zitakusumbua, kaa naye, na umtajie miguu kwanza.